Kwa Nini Jedwali Humchagua Mwenye Bei ya Chini Kila Mara? Majibu kwa Wanunuzi wa Viwandani

Barua za mwezi huu zinahusu jambo moja: kutumia kompyuta kupima wagavi wanaokiletea kiwanda malighafi na vipuri. Tumezifupisha barua. Namba tumeziacha kama zilivyoletwa, kwa sababu kwenye namba ndiko makosa yalikojificha.

Wataalamu, salaam. Tunajaza maji na juisi. Tuna wagavi watatu wa prifomu, vile vichupa vinene vya plastiki vinavyopulizwa kuwa chupa. Kwenye Excel nimeweka ubora asilimia 40, kufika kwa wakati 30, bei 30. Ajabu, kila mara anashinda mwenye bei ya chini, ambaye ndiye anayetusimamishia mashine. Bei si asilimia 30 tu? Nimekosea wapi? Jedwali nimeliambatisha.
*Afisa manunuzi, Dar es Salaam*

Umefanya vizuri kuliambatisha, maana kwa maelezo peke yake kosa lisingeonekana. Mgawanyo wako wa asilimia hauna tatizo. Tatizo ni vipimo viwili tofauti ndani ya jedwali moja. Ubora na wakati umevipa alama 1 hadi 5, ukagawanya kwa 5. Kwenye bei umetumia fomula inayompa wa bei ya chini kabisa alama zote, wa bei ya juu kabisa sifuri, na wa katikati akaangukia katikati. Fomula hiyo haijali kama tofauti ni kubwa au ndogo. Wakipishana shilingi mia moja, bado mmoja atapata 30 na mwenzake 0.

Tazama namba zako. A anauza prifomu 1,000 kwa shilingi 98,000, B kwa 100,000, C kwa 102,000. Kutoka A hadi C ni asilimia 4 tu, lakini bei imewatenganisha kwa alama 30 nzima. Ubora, ambapo A na B wana 4 na C ana 5, umewatenganisha kwa alama 8. Wakati, ambapo A ana 3 na wenzake 4, umewatenganisha kwa alama 6. Ndiyo maana bei imeamua karibu kila kitu: A 80, B 71, C 64.

Sasa badilisha safu ya bei peke yake. Gawanya bei ya chini kabisa kwa bei ya kila mgavi, kisha zidisha kwa 30. A anapata 30, B 29.4, C 28.8. Jumla zinakuwa A 80, B 85.4, C 92.8. Mpangilio wote umepinduka, na asilimia zako hukuzigusa.

Fomula hiyo ya pili nayo ina udhaifu: inawategemea waliopo. Akiingia mgavi mpya mwenye bei ya kutupa, alama za wote zinasogea, na wawili waliokuwepo wanaweza kubadilishana nafasi ingawa wao hawakubadilisha chochote. Kwa hiyo tunapendelea kuweka vituo vya kipimo kabla ya kufungua bei. Andika kwamba bei lengwa inapata alama zote, na bei iliyozidi lengo kwa asilimia 20 inapata sifuri. Fanya hivyo hivyo kwa ubora, kwa mfano kasoro 0 kwa kila 1,000 ni alama zote na kasoro 10 ni sifuri. Vituo hivyo havisogezwi na mtu akishaona nani ameleta nini.

Kabla ya kumpelekea meneja, fanya jaribio la kupindua. Pandisha uzito wa bei hatua kwa hatua, ubora na wakati vikibaki katika uwiano wao wa 4 kwa 3, uone ni wapi A anampita C. Kwa namba zako, bei italazimika kupita asilimia 83. Hapo unaweza kumtetea C bila wasiwasi. Kama mpangilio ungepinduka bei ikitoka 30 kwenda 33, jibu la kweli lingekuwa kwamba wawili hao wanalingana, na kazi iliyobaki ni kurudi mezani kuzungumza nao bei.

Habari za kazi. Ninasaga unga wa lishe na nanunua mahindi kwa wafanyabiashara sita. Mwanangu amenitengenezea programu ya alama: bei, unyevu, sumukuvu, uaminifu wa kuleta. Wiki iliyopita aliyeongoza ni yule ambaye kipimo cha sumukuvu kilitoa 14. Nimfuate?
*Msindikaji, Arusha*

Hapana, mama. Mzigo huo usiingie kiwandani hata ukipewa bure.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ile ya aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Programu ya mwanao imejumlisha alama zote kwenye kapu moja, na katika kujumlisha, zuri la huku hufidia baya la kule. Bei ya chini imefidia sumu. Kwa chakula cha watoto hakuna bei inayoweza kufidia hilo.

Mwambie atenganishe lango na mashindano. Lango ni vigezo vya ndiyo au hapana: sumukuvu, unyevu, wadudu hai. Anayeshindwa hata kimoja anaandikwa NJE, na alama zake hazihesabiwi kabisa. Kwenye Excel ni IF iliyobeba OR ndani yake, na fomula ya alama ikae mwisho. Waliopita lango ndio washindane kwa bei na uaminifu.

Mambo mawili zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. La kwanza ni sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake limechafuka. Kuchota juu ya gunia moja ni kujidanganya. Chomeka bambo kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya yote, saga, ndipo upime fungu lililotokana na mchanganyiko huo. Na majibu ni ya mzigo uliopimwa, wala si ya mfanyabiashara. Cheti cha mwezi uliopita hakisemi lolote kuhusu lori la leo.

La pili ni maji. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16, zikikaushwa hadi 13.5, zinabaki kilo 97.1. Umelipia karibu kilo 3 za maji. Mahindi hayo yatazuiwa langoni kwa hali yoyote, lakini ukikubali kuyakausha mwenyewe, bei iingie kwenye programu baada ya kuzidishwa kwa 86.5 na kugawanywa kwa 84, kisha ongeza gharama ya kukausha.

Kamati yetu ina watu wanne: mhasibu, meneja uzalishaji, mkaguzi wa ubora na mtu wa stoo. Kila mwaka tunabishana siku nzima kuhusu uzito wa kila kigezo. Mhasibu anataka bei 60, mkaguzi anataka ubora 60. Kompyuta inaweza kutuamulia?
*Kiwanda cha nguo, Mombasa*

Kuwaamulia haiwezi. Kuwaonyesha ni wapi hasa mnapotofautiana, na ni nani anayejipinga mwenyewe, inaweza vizuri sana.

Acheni kuulizana asilimia. Hakuna anayejua 60 inatofautianaje na 50. Tumieni njia aliyoibuni Thomas Saaty miaka ya 1970, inayoitwa AHP, ambayo humtaka mtu alinganishe vigezo viwili viwili. 1 maana yake vinalingana, 3 kimoja kina uzito kiasi kuliko kingine, 5 uzito mkubwa, 7 mkubwa sana, 9 hakuna mfano. Namba za shufwa ni za katikati. Mkisema ubora dhidi ya bei ni 3, basi bei dhidi ya ubora inajijaza yenyewe kuwa 1/3.

Tuseme ubora dhidi ya wakati ni 2, wakati dhidi ya bei ni 2, ubora dhidi ya bei ni 3. Mistari mitatu ya jedwali ni: ubora 1, 2, 3, wakati 1/2, 1, 2, bei 1/3, 1/2, 1. Kwa kila mstari tumia fomula ya GEOMEAN, kisha gawanya kwa jumla ya matokeo matatu. Mtapata ubora 0.54, wakati 0.30, bei 0.16.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Jumlisha kila safu wima, zidisha jumla hiyo kwa uzito wa kigezo chake, kisha ongeza zote pamoja. Hapa inatoka 3.009. Toa 3 ambayo ni idadi ya vigezo, gawanya kwa 2 ambayo ni idadi kasoro moja, kisha gawanya kwa 0.58. Jibu ni 0.008. Likizidi 0.10, mjazaji amejipinga. Kwa vigezo vinne, mahali pa 0.58 weka 0.90, kwa vitano weka 1.12. Mtu akisema ubora unazidi wakati kwa 2, wakati unazidi bei kwa 2, halafu bei inazidi ubora kwa 3, hesabu inaruka hadi 0.63. Mara nyingi hakuwa na nia mbaya. Amejaza kisanduku kichwa chini. Mrudishieni arekebishe yeye. Msimrekebishie.

Kila mmoja ajaze peke yake, kabla ya kikao. Kisha unganisheni kisanduku kwa kisanduku kwa GEOMEAN, msitumie wastani wa kawaida. Mhasibu akiandika 3 na mkaguzi 1/3, wamevutana sawasawa na jibu linatakiwa kuwa 1. Wastani wa kawaida utatoa 1.67 na kumpendelea mmoja.

Vigezo visizidi vitano au sita. Mwaka 1966 Gary Dickson aliorodhesha vigezo 23 vya kuchagulia wagavi, na orodha hiyo ingali inanakiliwa nzima nzima. Vigezo 23 kwa njia hii ni milinganisho 253. Vitano ni 10 tu, na mtu anaweza kuifikiria yote kwa makini.

Natengeneza kabati na meza za ofisi. Reli za droo kutoka China zinanifikia Nairobi kwa shilingi 150, ushuru na usafiri vikiwemo. Mwenye kiwanda wa hapa anauza 156 na ananipa siku 30 za kulipa. Jedwali linasema China, lakini pesa benki sizioni. Natumia reli 400 kwa siku ya kazi.
*Mwenye karakana, Industrial Area*

Pesa yako iko njiani baharini, na nyingine imelala kwenye rafu. Jedwali lako linaishia kwenye bei ya mlangoni. Ongeza safu mbili.

Safu ya kwanza ni akiba ya tahadhari, yaani mzigo unaokaa stoo kwa ajili ya meli kuchelewa. Unahitaji namba nne: matumizi ya siku (400), kuyumba kwa matumizi hayo (kwa maelezo yako, 80), muda wa kusubiri mzigo, na kuyumba kwa muda huo. Kuyumba kunatoka kwenye fomula ya STDEV juu ya kumbukumbu zako. Kwa China umetupa siku 60 za kazi zinazoyumba kwa 12. Kwa wa hapa siku 7 zinazoyumba kwa 2. Zidisha muda kwa 80 mara 80. Zidisha 400 mara 400 kwa kuyumba kwa muda, kisha zidisha tena kwa kuyumba huko huko. Jumlisha, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 1.65 ili usipungukiwe katika mizunguko 95 kati ya 100. China inahitaji reli 7,986 za akiba. Wa hapa, 1,365. Tofauti ni reli 6,621, sawa na shilingi 993,150. Mtaji huo ukikugharimu asilimia 20 kwa mwaka, na ukitumia reli 120,000 kwa mwaka, ni shilingi 1.66 kwa kila reli.

Safu ya pili ni pesa iliyo njiani. Unalipa yote mzigo ukipakiwa, kwa hiyo siku 60 za matumizi, reli 24,000, ni zako lakini huwezi kuzigusa. Hizo ni shilingi milioni 3.6, gharama yake kwa mwaka ni 720,000, au shilingi 6 kwa reli. Reli ya 150 sasa ni 157.66. Na bado hatujahesabu kwamba kontena la reli 40,000 linaacha wastani wa reli 20,000 zikilala stoo, ambazo zinakula shilingi 5 nyingine kwa kila reli, wala demareji, yaani tozo ya kuchelewa kutoa kontena bandarini, pale hati zinapochelewa.

Ukibaki na China, kuna jambo moja la kujadiliana naye ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Akikuahidi kupunguza muda kutoka siku 60 hadi 30 lakini kuyumba kukabaki 12, akiba yako inashuka kutoka 7,986 hadi 7,953 tu, karibu si kitu, ingawa pesa ya njiani itapungua nusu. Akibaki kwenye siku 60 lakini akapunguza kuyumba kutoka 12 hadi 6, akiba inashuka hadi 4,090. Anayefika siku ile ile kila mara anakusaidia stoo kuliko anayewahi leo na kuchelewa kesho.

Tumeletewa programu yenye akili bandia ya kuchagua wagavi. Ada yake ni kubwa. Tuna wagavi 25. Tuinunue?
*Kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida*

Kwa wagavi 25, Excel inatosha, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure. Tumieni pesa hiyo kumlipa mtu mmoja makini wa kuandika kumbukumbu za mapokezi, maana bila hizo programu yoyote itakuwa inakisia.

Mstari mmoja kwa kila mzigo: namba ya oda, namba ya mgavi (jina lisitumike, kwa sababu mgavi mmoja huandikwa kwa tahajia tatu na kompyuta ikadhani ni watu watatu), tarehe aliyoahidi mara ya kwanza, tarehe aliyofika, kiasi kilichoagizwa, kiasi kilichofika, kiasi kilichokataliwa. Hiyo tarehe ya kwanza ndiyo moyo wa kumbukumbu. Ikiruhusiwa kufutwa kila mgavi anapopiga simu kusema "sogeza mbele kidogo", mwisho wa mwaka wote wataonekana wamefika kwa wakati.

Tahadhari nyingine ni wagavi wapya. Aliyeleta mara 2 na kuwahi zote 2 ana asilimia 100. Aliyeleta mara 100 na kuwahi 90 ana asilimia 90. Kompyuta itampenda wa kwanza. Ikiwa wastani wa wagavi wenu wote ni 80, muongezeeni kila mmoja mizigo 10 ya kubuni yenye 8 iliyowahi. Wa kwanza anakuwa 10 kati ya 12, asilimia 83. Wa pili 98 kati ya 110, asilimia 89. Mpya ataupanda mlima kwa mizigo yake halisi.

Nahitaji washa za mpira 100,000. A anauza shilingi 10, ana uwezo wa kutoa 70,000, kasoro zake asilimia 2.5. B anauza 11, uwezo 60,000, kasoro asilimia 1. Mteja wetu anataka kasoro kwa jumla zisizidi asilimia 2. Nigawe vipi, na je, wagavi wawili wananikinga kweli?
*Kiwanda cha pampu za maji, Nakuru*

Mgawanyo ni kazi ya Solver, iliyomo ndani ya Excel na Calc. Visanduku viwili vya kubadilishwa, gharama ndiyo ya kupunguzwa, masharti manne: jumla 100,000, uwezo wa A, uwezo wa B, kasoro zisizidi 2,000. Chagua njia ya Simplex LP na uzuie namba hasi. Jibu ni A 66,666, B 33,334, gharama shilingi 1,033,334. Usiweke IF ndani ya fomula za gharama, kwa sababu hapo hesabu inaacha kuwa mstari ulionyooka na Simplex inagoma. Ikiwa B hapokei oda chini ya 40,000, liweke kama sharti: A 60,000, B 40,000, gharama 1,040,000. Lakini liendeshe pia bila B kabisa, uone kama inawezekana. Hapa haiwezekani, maana A peke yake hatoshi.

Jaribu pia kulegeza ubora. Mteja akikubali asilimia 2.05, A anafika 70,000 na unaokoa shilingi 3,334. Kuanzia hapo kulegeza zaidi hakukupi hata senti, kwa kuwa uwezo wa A umeisha. Kwa akiba ndogo hivyo, usimwombe mteja apunguze ubora.

Kuhusu kinga: wawili ni wawili kweli pale tu njia zao hazikutani. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki huko Kariya, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina moja zilizotumiwa na Toyota, na mistari ya Toyota ikasimama kwa siku kadhaa. Hatari ya mgavi mmoja kila mtu anaiona. Isiyoonekana ni ya wagavi wawili wanaonunua mpira wao ghafi kwa mtu mmoja, au wanaopitia mlango mmoja. Mgavi wa Italia na wa Uturuki ni nchi mbili kwenye jedwali, lakini meli zao za kuja Mombasa zote kwa kawaida hutegemea Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Meli ya Ever Given ilipoziba mfereji huo kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, wote wawili walikwama pamoja. Na mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema.

Ongeza safu nne kwenye orodha ya wagavi: anakopata malighafi, bandari ya kupakia, njia ya meli, na chanzo cha umeme wa kiwanda chake. Panga orodha kwa kila safu kwa zamu. Pale A na B wanapoandikiwa jibu moja, ihesabu oda yote kama ya mgavi mmoja, na akiba ya stoo iwe ya mgavi mmoja.